Nyumba Tisa, Jina Moja

Nilipoulizwa nyumba ni ya nani, nilitaja jina la kaka yangu. Sikudanganya. Kwa mila za kwetu nilijibu sawasawa, na mama yangu angekuwa hai angejibu hivyohivyo. Lakini jibu lile lilimvua kaka yangu heshima, na kazi ya kugawa maji aliyokuwa ameifanya tangu ana ndevu nyeusi, na mpaka leo hajarudishiwa. Walioliandika jibu hilo wameshaondoka zamani. Wako wilaya nyingine wanaandika watu wengine.

Ngoja nieleze, maana anayesoma hapa anaweza kuwa mtu wa pwani au wa ziwa, na kwao mambo ni mengine.

Kwetu ukoo unafuata mama. Ardhi tuliyojenga hapa Mabwerebwere, Kilosa, upande wa kuelekea mtoni, bibi yetu aliifyeka kwa mkono wake wakati pakiwa matete matupu. Akawaachia binti zake, na binti zake wakatuachia sisi. Ndiyo maana nyumba zetu tisa zimekaa mstari mmoja: yangu, za dada zangu wawili, za binti wa mama zetu wadogo, na za binti zetu wenyewe. Mwanamume akioa kwetu anakuja kujenga kwetu. Akikorofisha anaondoka na nguo zake, nyumba inabaki. Nyumba ni ya mwanamke, hilo halina mjadala.

Ila mwanamke hasimami mbele ya mgeni akasema hii yangu. Huo ni utovu wa adabu, ni kama kujisifia uzuri. Kila nyumba ina msemaji, na msemaji ni mjomba, yaani kaka wa akina mama. Posa ikija inapelekwa kwa mjomba. Jirani akisogeza mpaka wa shamba, anaitwa mjomba. Mtoto akivunja kioo cha watu, wanauliza mjomba wake nani. Yeye hapati kitu hapo. Kazi yake ni kulitoa jina lake lipigwe jua na mvua badala ya letu.

Mjomba wa nyumba zote tisa ni kaka yangu mkubwa. Haishi hapa. Alioa Malolo, kule ukishapita Mikumi, akaenda kujenga kwa mkewe kama mila inavyotaka, analima vitunguu. Maji ya mto wetu, Mkondoa, hayajawahi kumlowesha hata ndala.

Sasa mafuriko. Mwaka ule kwetu mvua ilikuwa ya kawaida tu. Mto wetu lakini hauna haja na mvua yetu. Unaleta maji ya watu wengine, ya Mpwapwa na milima ya juu, sisi tunapelekewa kama barua. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua linawaka, mimi nachagua mawe kwenye mchele. Tuta la kuzuia mto likaachia. Niliona kwanza kuku wanakimbilia upande mmoja wote, nikajua. Tulitoka na watoto na tulichoshika. Mimi nilikuwa nimeshika ungo. Tulipogeuka, nyumba zilikuwa zinakaa chini taratibu, maana tofali mbichi likilowa halianguki, linachuchumaa. Namshukuru Mungu katika nyumba tisa hakufa mtu. Mbuzi tulipoteza, na vyakula vyote, na mlango wa mninga aliouchonga marehemu mume wangu, ambao niliuona kwa macho yangu ukielekea Rudewa.

Tukawekwa kwenye mahema, juu, ng'ambo ya reli. Baada ya siku chache wakaja wale wa shirika. Jina lao silitaji. Sisi tuliwaita watu wa vizibao, kwa sababu kila mmoja alivaa kizibao chenye mifuko mingi ambayo sikuwahi kuona kitu kikitoka ndani yake. Nitasema haki: walileta maji safi, walileta sabuni na mablanketi, na wale vijana wao walikuwa wanasalimia. Aliyetuandika sisi alikuwa binti mmoja mwembamba, na kishikwambi mkononi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Nyumba yako ilikuwa wapi?"

"Pale chini, unapoona kizingiti kimebaki peke yake."

"Na mwenye nyumba ni nani?"

Nikamtaja kaka yangu.

"Yupo?"

"Yuko Malolo."

"Amesafiri?"

"Anaishi huko."

Akabonyeza bonyeza, akashukuru, akaenda hema la pili, kwa dada yangu. Dada akaulizwa, naye akamtaja kaka yetu. Hema la tatu vilevile. Hatukupanga. Hakuna aliyemkonyeza mwenzake. Kila mmoja aliulizwa swali ambalo mgeni huuliza, akatoa jibu ambalo mgeni hupewa. Kufika hema la tisa yule binti akasimama, akaangalia kishikwambi, akatuangalia sisi tuliokuwa tumeshakusanyika nyuma yake, akacheka.

"Jamani, huyu mzee ana nyumba tisa? Kumbe ana wake tisa?"

Hapa ndipo nilipokosea, na kosa hili ni langu peke yangu, si la mila. Nilikuwa nimeshamuuliza kwao ni wapi, akasema yeye ni Mnyamwezi wa Tabora. Wanyamwezi ni watani zetu toka enzi za wapagazi, walipokuwa wakipita hapa na pembe za ndovu vichwani. Mtani akikutania ukanyamaza, umemdharau. Mimi si mtu wa masihara, hata wajukuu zangu watakwambia. Lakini utani ni wajibu. Nikamjibu:

"Tisa ndiyo. Anatafuta wa kumi, na ninyi Wanyamwezi shingo zenu ni za kubebea mizigo, jiandae."

Watu wakacheka, naye akacheka mpaka akajifuta machozi. Nikaona nimempokea vizuri. Nikarudi kwenye hema langu nimeridhika. Tangu maji yaje nilikuwa sijamchekesha mtu.

Wiki zikapita. Ikatangazwa kwamba yatasomwa majina ya watakaopewa vifaa vya kujengea: bati, mbao, misumari. Tukakusanyika uwanjani, mahema yote, pamoja na watu wa mtaa waliokuja kutazama. Mkuu wao alikuwa mwanamume wa makamo, viatu safi kwenye tope lile, sijui alikuwa anapita wapi. Akasoma kwa kipaza sauti. Jirani wa kushoto akaitwa. Jirani wa kulia akaitwa. Kati yao nyumba tisa zilirukwa kama mtu anavyoruka dimbwi.

Alipomaliza kusoma akasema ana jambo la kusikitisha. Kwamba katika kambi hii kuna mtu amejiandikisha mara tisa. Kwamba wamefuatilia na kugundua mtu huyo hakuguswa hata na tone, anaishi Malolo, analima vitunguu. Kwamba huu ni wizi wa haki za waathirika, na shirika lake halivumilii udanganyifu. Kisha akalitaja jina. Majina yote matatu: la kaka yangu, la baba yangu na la babu yangu, kwenye kipaza sauti, sauti ikafika mpaka stesheni.

Watu wakapiga makofi.

Si wote waliokuwa wageni wa mila zetu. Wengine ni wa ukoo unaofuata mama kama sisi, walijua kabisa. Lakini majina yao yalikuwa yameshasomwa, na mtu aliyekwisha kupewa bati hataki kusimama karibu na aliyenyimwa. Jirani yangu aliyekuwa akiazima kinu changu miaka thelathini alipiga makofi. Nilimtazama mikono. Mwenyekiti wetu wa mtaa alikuwa anatazama chini kama amedondosha kitu.

Nikanyoosha mkono.

"Mwanangu, nina neno."

"Bibi, malalamiko yote yanapitia kwenye sanduku la maoni," akasema, kwa upole tu. "Tuna utaratibu. Uwajibikaji kwetu ni jambo la kwanza."

"Hilo neno lako mbona hukulipitisha kwenye sanduku?"

Watu wakacheka. Naye akacheka, akasema bibi huyu ana maneno, akaendelea na habari ya mgao wa sabuni.

Sanduku lenyewe lilikuwa limepigiliwa kwenye nguzo karibu na tangi la maji. Lilipakwa rangi, lina kufuli, limeandikwa TOA MAONI YAKO, TUNAKUSIKILIZA. Mimi niliishia darasa la nne, mwandiko wangu ni wa mtu anayepanda mahindi, herufi moja moja. Barua ile ilinichukua siku mbili. Niliandika kwamba nyumba ni zetu wanawake. Niliandika mjomba ni nani. Niliandika kwamba habari ya mke wa kumi ilikuwa utani, na aliyeusema ni mimi. Niliandika kwamba bati hata wakichelewa nazo tutavumilia, ila lile neno waje walifute palepale walipolisemea, mbele ya watu walewale, kwa kipaza sauti kilekile. Nikaikunja nikaitumbukiza. Niliisikia ikigonga chini, tap, kwa hiyo nikajua hakuna mwenzangu aliyewahi kuandika, au barua zao zilikuwa zimeshachukuliwa.

Halafu nikaenda Malolo. Sikutaka kaka ayasikie kwa mwingine. Nilipanda basi la asubuhi mpaka Mikumi, nikashuka pale barabara kuu, nikakaa na kikapu changu kati ya malori yanayokwenda Iringa mpaka nilipopata gari la kunisogeza. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno. Sikuyatumia. Nilimkuta amekaa kwenye benchi nje, na wakati ule wa siku angekuwa mferejini.

Lazima niseme habari ya mfereji. Kule hawasubiri mvua, wanalima kwa maji ya mfereji, na maji hayatoshi watu wote kwa pamoja. Kila mwenye shamba ana zamu yake. Anayegawa zamu ni mtu mmoja, na kaka yangu ndiye alikuwa mtu huyo. Alikuwa na fimbo. Aliichomeka pembeni ya mfereji, akapima zamu kwa kivuli. Simu zilipokuja vijana walimpima kwa saa zao, kwa siri, wakakuta hajapishana nazo kitu cha kugombania, wakamwachia fimbo yake. Yeye mwenyewe alijiweka zamu ya mwisho siku zote. Hiyo ndiyo iliyokuwa heshima yake kule ugenini, maana mwanamume aliyehamia kwa mkewe hana ardhi, hana ukoo pale, ana tabia yake tu.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umekuja na habari iliyokwisha kufika," akasema. "Wanunuzi wa vitunguu wametoka Kilosa juzi. Wananiita Mzee wa Nyumba Tisa."

"Nitaifuta."

"Jumamosi mferejini kijana mmoja kasema, aliyejiandikia nyumba tisa atajigawia maji mara ngapi. Akasema anatania."

"Wewe ukasema nini?"

"Nikawaachia kazi yao. Mgawa maji hatetewi, mdogo wangu. Siku akihitaji kutetewa ameshakwisha."

Wifi yangu akaleta chai. Alikuwa amenuna, na kisa ni mimi. Akaniuliza, "Wifi, hivyo kule kwenu hamna majina yenu wenyewe?"

Nilimwambia kaka habari ya utani, yote, jinsi nilivyosema. Nilitegemea atakasirika. Alitabasamu kidogo, akasema, "Ulimjibu vizuri. Ningekuwepo ningemjibu hivyo." Hiyo iliniumiza kuliko angenifokea.

Niliporudi nilianza kwenda ofisini kwao mjini. Walikuwa wamepanga nyumba ya mtu, wameweka mlinzi na daftari la wageni. Mara ya kwanza mkuu alikuwa kwenye semina. Mara ya pili alikuwa likizo. Mara ya tatu nikaambiwa amehamishwa. Nilikaa kwenye benchi ile mpaka mlinzi akaniambia bibi sasa wewe tukuajiri. Tulipokwenda wanawake wote tisa, na mwenyekiti wa mtaa ambaye sasa alikuwa amepata sauti yake, akatokea kijana mwingine mpya, mpole, ana miwani. Akafungua kompyuta. Akasoma kwa muda mrefu, akajikuna shingo.

"Hapa imeandikwa kwamba mmoja wa wanawake alithibitisha mhusika ana mpango wa kuongeza kaya ya kumi."

"Huyo mwanamke ni mimi," nikasema. "Ulikuwa utani. Aliyeniandika ni Mnyamwezi."

"Mnyamwezi anahusikaje?"

Nikamtazama. Nikamuuliza kwao wapi, akasema yeye amezaliwa Dar es Salaam tu, hana kwao kwingine. Nikaona hapo nitachimba kisima mwambani. Mwenyekiti akamweleza habari ya ukoo wa mama, taratibu, kama anavyoelezwa mtoto njia ya dukani. Lazima nimsifu kijana yule, alisikiliza mpaka mwisho, akaelewa, akafuta, akaandika majina yetu tisa moja moja. Baada ya wiki mbili bati zikaja.

Siku ya kuzichukua nilimuuliza, "Na lile neno?"

"Neno gani bibi?"

"La mkutanoni. Kwamba kaka yangu ni mwizi."

"Taarifa imeshasahihishwa, bibi."

"Imesahihishwa wapi?"

"Kwenye mfumo."

"Huo mfumo Malolo wanausoma?"

Akasema mfumo ni wa ndani. Nikamwambia basi matusi yalikuwa ya nje na samahani ni ya ndani. Akasema atalifikisha kwa wahusika. Nikamuuliza wahusika ni nani, akasema mradi uko mwishoni, atakayekuja atatuambia. Nikamwomba basi aje yeye, dakika tano tu, asimame uwanjani aseme tulikosea. Akatazama chini. Akasema hana mamlaka ya kusema kwa niaba ya shirika. Yule mwenzake mamlaka ya kusema mwizi aliyapata upesi sana.

Dada yangu mdogo akanivuta khanga. "Chukua bati twende. Utaezeka nyumba kwa jina la mtu?"

Nilichukua. Sitaki mtu aniandikie ushujaa ambao sikuwa nao. Masika ilikuwa inakuja, mahema yalikuwa yameshachanika, na mjukuu wangu wa mwisho alikuwa anakohoa. Nilichukua bati, nikatia dole gumba ingawa najua kuandika jina langu, kwa sababu fomu ilikuwa na kiboksi cha dole tu, nikapandisha mzigo kwenye guta nikaenda. Fundi alipogongomea lile la kwanza nilitoka nikaenda kukaa mbali.

Wakati wa kuvunja kambi, mwenyekiti aliomba ufunguo wa sanduku la maoni. Ufunguo ulikuwa Morogoro. Akalivunja kwa patasi. Nyigu wakatoka. Walikuwa wamejenga ndani, wameingilia kwenye ule mwanya tunaotumbukizia maneno. Chini ya kiota zilikuwepo barua, si yangu tu, nyingi, zimegandana. Mmoja alikuwa analalamikia choo. Mmoja alikuwa anataka kujua dawa za mama yake zimefika au la, na mama yake tulikuwa tumeshamzika. Yangu ilikuwa chini kabisa, imekunjwa kama nilivyoikunja. Nilijua sasa kwa nini iligonga chini: mimi ndiye niliyeanza kutumbukiza, na hakuna aliyewahi kuchungulia.

Mwaka uliofuata akaja mwanamke wa tathmini. Naye kizibao, naye kishikwambi. Alikaa kwenye kigoda changu vizuri, akakubali uji, hana majivuno. Akanisomea maswali. Je, nimeridhika na msaada: sana, kiasi, au sikuridhika. Je, nilijua pa kupeleka malalamiko. Je, nilihisi kuheshimiwa.

"Mwanangu, mimi niliheshimiwa," nikamwambia. "Aliyevunjiwa heshima yuko Malolo. Andika hivyo."

"Bibi, hapa naandika habari za kaya hii tu."

"Ndiye msemaji wa kaya hii. Hamkuyajua hayo ndiyo maana yamefika hapa. Nataka mtu mmoja wa kizibao aende Malolo Jumamosi asubuhi, mferejini, aseme kwa mdomo wake kwamba mzee yule hakujiandikisha, aliandikwa. Gari mnalo. Ni safari ya kwenda na kurudi."

Akabonyeza. Mwisho wa fomu kulikuwa na nafasi ya maoni mengine, akasema ameyaweka pale. Nikamwomba nione. Alisita, halafu akanigeuzia. Nilisoma polepole, kama nilivyozoea. Ilikuwa imeandikwa: Mnufaika anaomba kusaidiwa usafiri wa kwenda Malolo.

Nilimrudishia. Nilimalizia uji wake alioubakiza, maana chakula hakitupwi.

Basi nikawaita wenzangu wanane, nikawaambia kama hawaendi, tutakwenda sisi. Dada yangu mdogo akasema, "Wanawake mbele ya wanaume wa Malolo, tukaseme nyumba ni zetu? Mama atageuka kaburini." Nikamwambia ageuke, amelalia ubavu mmoja muda mrefu. Tukapanda basi wote tisa, tukabadilisha Mikumi, tukalala kwa wifi, wengine jikoni. Jumamosi asubuhi tukaenda kichwani mwa mfereji tumejifunga khanga mpya kama watu wa harusini.

Wanaume walikuwa kama ishirini, majembe mabegani. Kaka yangu alikuwa nyuma, hakujua tunakuja kusema nini; nilimwambia tumekuja kuona mashamba. Nikawasalimia. Nikasimama mahali ambapo kila mtu ananiona, na nikafanya kitu ambacho katika umri wangu wote sikuwahi kukifanya. Nikasema nyumba ile ni yangu mimi. Nikasema mwenye nyumba ni mimi, na hawa wanane kila mmoja ana yake. Nikasema tulimtaja kaka yetu kwa adabu na si kwa hila, na kwamba habari ya nyumba ya kumi nilitunga mimi kumtania mtani wangu. Nikasema kama kuna mtu wa kulaumiwa, niko hapa, nina miguu, nimekuja mwenyewe.

Walinisikiliza vizuri. Hakuna aliyecheka. Kisha mzee mmoja, rika la kaka, mtu mwenye uso mzuri, akanijibu kwa heshima.

"Tumekusikia, mama. Na mimi nakuamini. Lakini ninyi ni dada zake."

Sikuelewa upesi, nikasubiri aongeze.

"Dada atasema nini kingine? Aliyesema mwizi alikuwa mtu wa ofisi, mwenye orodha. Huyo akija akasema alikosea, imekwisha. Ninyi mseme vyovyote, maneno ni ya damu."

Wengine wakaitika kwa kichwa. Walikuwa na haki. Hata mimi, mtu angekuja na dada zake tisa kumsafisha mbele yangu, ningesema hivyohivyo. Tulikuwa tumebeba maji kwenye ungo kutoka Kilosa.

Wakaanza kazi. Zamu sasa anagawa kijana, ndiye yule aliyetania, kwa simu. Si kijana mbaya, anajitahidi. Tulikaa chini ya kivuli cha kibanda cha vitunguu tukitazama. Fimbo ya kaka niliiona; wifi ameifungia mbuzi. Ilipofika zamu ya kaka, alishuka mwenyewe akafungua maji, akatembea nayo kando ya matuta yake akiyaongoza kwa jembe. Yalikwenda tuta la kwanza, la pili, la tatu. Yakaanza la nne.

"Mzee," kijana akasema, akitazama simu, "muda wako."

Kaka yangu hakuinua macho kutazama jua. Alikwenda akafunga mlango wa mfereji kwa mkono wake, akaukandika tope vizuri usivuje, na matuta mawili ya mwisho yakabaki makavu.